Kifaduro: Wiki za hatari kwa mtoto ambaye hajafikia umri wa chanjo

KIFADURO, ugonjwa wa kikohozi ambao wazazi wengi wa mijini wamekwishaanza kuusahau, bado unaua watoto. Walio katika hatari kubwa zaidi ni watoto wachanga ambao hawajatimiza umri wa kupata chanjo yake.

Katika nchi za Afrika Mashariki, zikiwamo Tanzania, Kenya na Uganda, dozi ya kwanza ya chanjo hiyo hutolewa mtoto anapofikisha umri wa wiki 6. Dozi ya pili hufuata katika wiki ya 10 na ya tatu katika wiki ya 14. Maana yake ni kwamba tangu siku ya kuzaliwa hadi siku ya 42, mtoto hana kinga yoyote iliyotokana na chanjo yake mwenyewe, na hadi anapotimiza zaidi ya miezi mitatu kinga hiyo huwa haijakamilika. Katika kipindi hicho usalama wake umo mikononi mwa watu wanaomlea.

Kwa mujibu wa makadirio ya kitaalamu yaliyochapishwa mwaka 2017, ugonjwa huo uliwapata watoto wapatao milioni 24.1 wenye umri chini ya miaka 5 duniani katika mwaka 2014 pekee, na kuua takriban 160,700 miongoni mwao. Zaidi ya nusu ya vifo hivyo vilikadiriwa kutokea barani Afrika.

Ugonjwa wa kale

Kifaduro husababishwa na bakteria aitwaye Bordetella pertussis. Bakteria huyo huishi katika mwili wa binadamu tu; hana makazi mengine kwa wanyama wala katika maji au udongo. Mlipuko wa kwanza kuandikwa kwa ufasaha na mganga ulitokea Paris, Ufaransa, mwaka 1578, lakini kisababishi chake hakikupatikana hadi mwaka 1906, pale wanasayansi Jules Bordet na Octave Gengou walipofanikiwa kumwotesha bakteria huyo katika maabara mjini Brussels, Ubelgiji. Jina la kisayansi la bakteria huyo limetokana na jina la Bordet.

Mgonjwa huwaambukiza wengine kwa matone madogo yanayoruka hewani anapokohoa, anapopiga chafya au anapozungumza akiwa karibu na mtu mwingine. Kifaduro ni miongoni mwa magonjwa yanayoambukiza kwa kasi kubwa. Inakadiriwa kwamba mahali ambapo watu hawana kinga, mgonjwa mmoja anaweza kuwaambukiza wengine 12 hadi 17. Ndani ya nyumba moja, ambamo watu hulala chumba kimoja na kula pamoja, wengi wa wasio na kinga huambukizwa.

Baada ya kuingia mwilini, bakteria hujishikiza kwenye vinyweleo vidogo sana vilivyomo katika njia ya hewa. Kazi ya vinyweleo hivyo ni kusukuma nje makohozi na uchafu. Sumu zinazotolewa na bakteria huvidhoofisha na kuviharibu, makohozi mazito yakarundikana, na mwili ukabaki na njia moja tu ya kujisafisha, yaani kukohoa.

Hatua tatu za ugonjwa

Dalili huanza kuonekana siku 7 hadi 10 baada ya maambukizi, ingawa wakati mwingine zinaweza kuchelewa hadi wiki 3. Madaktari huugawa ugonjwa huu katika hatua tatu.

Hatua ya kwanza hudumu kwa wiki moja hadi mbili. Mgonjwa huwa na mafua, macho huweza kutoa machozi, homa huwa ndogo au haipo kabisa, na kikohozi huwa chepesi. Hakuna anayeshuku jambo kubwa. Hata hivyo, huu ndio wakati ambao mgonjwa huambukiza zaidi.

Hatua ya pili ndiyo inayoupa ugonjwa huu sifa yake. Kikohozi huja kwa mfululizo, kimoja juu ya kingine, bila mgonjwa kupata nafasi ya kuvuta pumzi. Mfululizo huo unapokwisha, mgonjwa huvuta hewa kwa nguvu na kutoa mlio mkali wa koo. Wengi hutapika baada ya hapo na kuishiwa nguvu. Hali hiyo huzidi nyakati za usiku na huweza kuendelea kwa wiki 1 hadi 6, na kwa baadhi ya wagonjwa hadi wiki 10.

Hatua ya tatu ni ya kupata nafuu. Kikohozi hupungua polepole kwa wiki kadhaa, na huweza kurudi kila mgonjwa anapopata mafua mengine. Ndiyo sababu nchini China ugonjwa huu umeitwa kikohozi cha siku 100.

Kwa mtoto mchanga dalili ni tofauti

Maelezo hayo ya vitabuni hayamhusu sana mtoto wa wiki chache, na hapo ndipo penye hatari. Mtoto mchanga huenda asitoe mlio wowote kwa sababu hana nguvu za kutosha za kuvuta hewa namna hiyo. Wengine hawakohoi kwa kiwango cha kumtia mzazi wasiwasi. Dalili ya kwanza inaweza kuwa mtoto kuacha kupumua kwa sekunde kadhaa, kisha kuanza tena.

Mzazi anapaswa kuangalia iwapo mtoto anapaliwa mara kwa mara, anashindwa kunyonya kwa sababu ya kukohoa, anatapika kila baada ya kukohoa, au analegea na kuwa mzito kuamka. Mabadiliko ya rangi ni ishara muhimu sana. Kwa mtoto mwenye ngozi nyeusi mabadiliko hayo hayaonekani kirahisi usoni, hivyo inafaa kutazama midomo, ulimi, ufizi na kucha. Sehemu hizo zikigeuka kuwa za bluu au kijivu, mtoto amekosa oksijeni na anatakiwa kufikishwa hospitali mara moja, hata kama amerudia hali yake ya kawaida baada ya dakika moja.

Kukosekana kwa homa kusimfanye mzazi atulie. Watoto wengi wenye kifaduro hawana joto kali, na kati ya kikohozi kimoja na kingine mtoto anaweza kuonekana mzima kabisa. Daktari atakayemwona katika dakika hizo za utulivu anahitaji kuelezwa kwa kina yaliyotokea nyumbani. Simu ya mkononi yenye kamera inaweza kusaidia, kwani picha ya video ya mtoto akikohoa humpa daktari ushahidi ambao maneno hayawezi kuutoa.

Madhara yanayoua

Madhara yanayotokea kwa wingi zaidi ni nimonia. Mengine ni degedege na kudhurika kwa ubongo kutokana na kukosa oksijeni. Takwimu za Marekani zinaonyesha kwamba takriban mtoto mmoja kati ya watatu wenye umri chini ya mwaka mmoja wanaougua kifaduro hulazimika kulazwa hospitali. Miongoni mwa wanaolazwa, zaidi ya nusu hupatwa na hali ya kuacha kupumua kwa vipindi, na mmoja kati ya 100 hufariki dunia. Takwimu hizo ni za nchi yenye vyumba vya uangalizi maalumu na mashine za kupumulia. Mahali ambapo oksijeni yenyewe ni ya kubahatisha, matumaini ni madogo zaidi.

Kuna hali nyingine ambayo huwapata hasa watoto wa miezi ya mwanzo. Sumu ya bakteria huyo husababisha seli nyeupe za damu kuongezeka kupita kiasi. Seli hizo zinaweza kujazana katika mishipa midogo ya damu ya mapafu, shinikizo likapanda na moyo ukashindwa kufanya kazi. Mtoto aliyefikia hatua hiyo huwa vigumu kumwokoa hata katika hospitali kubwa.

Mwaka 2010 jimbo la California nchini Marekani lilipata mlipuko uliokuwa na wagonjwa zaidi ya 9,000. Watoto wachanga 10 walifariki dunia, na 9 kati yao walikuwa na umri chini ya miezi 2 walipoanza kuugua. Nchini humo dozi ya kwanza hutolewa katika umri wa miezi 2.

Maambukizi hutoka nyumbani

Mtoto wa wiki tatu haendi shule, sokoni wala kupanda daladala. Bakteria huletwa kwake. Uchunguzi uliofanywa katika majimbo kadhaa ya Marekani kati ya mwaka 2006 na 2013 ulionyesha kwamba, kwa watoto wachanga ambao chanzo cha maambukizi yao kilijulikana, zaidi ya theluthi moja waliambukizwa na kaka au dada zao, na takriban mmoja kati ya watano aliambukizwa na mama yake mzazi. Baba na babu na bibi walifuata.

Sababu ni kwamba kinga ya kifaduro haidumu maisha yote. Aliyechanjwa utotoni, na hata aliyewahi kuugua, hupoteza kinga hiyo taratibu baada ya miaka kadhaa. Mtu mzima anayeambukizwa upya anaweza kuwa na kikohozi cha wiki nyingi kinachoonekana kama mafua yaliyokataa kuisha, vumbi au moshi wa magari. Huendelea na kazi zake, na akirudi jioni humbeba mtoto.

Wengine hawakohoi kabisa. Mwaka 2015 watafiti waliwafuatilia akina mama wapatao 2,000 pamoja na watoto wao mjini Lusaka, Zambia, hadi watoto walipofikisha umri wa wiki 14. Uchambuzi uliochapishwa baadaye ulionyesha kuwapo kwa maambukizi ya kifaduro yasiyo na dalili, kwa akina mama na kwa watoto pia. Hali hiyo inaeleza kwa nini ugonjwa huu huendelea kuzunguka katika jamii ambayo watu wake hawaonekani kuugua.

Katika jamii nyingi za Afrika Mashariki mzazi na mtoto hukaa ndani kwa siku 40. Desturi hiyo ya arobaini inakaribiana kabisa na umri wa dozi ya kwanza, ambayo ni siku ya 42. Lakini kukaa ndani humlinda mtoto ikiwa tu wanaoingia ndani hawakohoi. Majirani, mashoga, wafanyakazi wenzake mama na ndugu kutoka mikoani wanaofika kutoa pongezi, kila mmoja akitaka kumpakata mtoto, wanaweza kuifanya nyumba ya mzazi kuwa mahali pa hatari kuliko barabarani.

Uchunguzi na matibabu

Kipimo cha kifaduro hufanywa kwa kuchukua majimaji kutoka nyuma ya pua kwa kijiti laini na kuyapeleka maabara. Kuwaotesha bakteria huchukua siku kadhaa. Kipimo cha kutafuta vinasaba vya bakteria ni cha haraka zaidi, ila hakipatikani katika zahanati na vituo vingi vya afya. Kwa sababu hiyo wagonjwa wengi hutambuliwa kwa dalili tu, na baadhi huandikiwa kwamba wana nimonia, pumu au mafua ya kawaida.

Ugonjwa huu hutibiwa kwa dawa za antibayotiki, hasa azithromycin na nyingine za kundi lake. Kwa mtoto aliye chini ya umri wa mwezi mmoja, azithromycin hupendelewa kuliko erythromycin, kwa kuwa erythromycin imehusishwa na tatizo la kuziba kwa njia ya kutokea tumboni kwa watoto wa umri huo. Dawa hizo hufanya kazi vizuri zaidi zikianza mapema. Zikichelewa hadi kikohozi cha mfululizo kimekwishaanza, huua bakteria na kuzuia maambukizi kwa wengine, lakini kikohozi chenyewe hakikomi haraka kwa kuwa njia ya hewa imekwishaharibika.

Mgonjwa aliyeanza dawa huhesabiwa kuwa haambukizi tena baada ya siku 5. Asiyetumia dawa anaweza kuambukiza kwa takriban wiki 3 tangu aanze kukohoa. Penye mtoto mchanga, madaktari huwapa dawa watu wote wa nyumba aliyomo mgonjwa, hata wasio na dalili, ili kumkinga mtoto.

Dawa za maji za kutuliza kikohozi zinazouzwa madukani hazitibu kifaduro, na si salama kwa watoto wachanga. Hatari kubwa zaidi ni kukata kimeo, desturi ambayo bado ipo katika baadhi ya maeneo ya Tanzania na nchi jirani kwa imani kwamba kimeo kirefu ndicho kinacholeta kikohozi kisichokoma. Kimeo hakihusiani na kifaduro. Kukikata hakuondoi bakteria aliye katika njia ya hewa, bali humtia mtoto katika hatari ya kutokwa na damu nyingi, kupata pepopunda na maambukizi mengine, huku saa za kumwahisha hospitali zikipotea.

Safari ya chanjo

Chanjo iliyoleta mafanikio ilitokana na kazi ya wanasayansi wawili wanawake, Pearl Kendrick na Grace Eldering, walioifanyia majaribio mjini Grand Rapids, Marekani, katika miaka ya 1930. Baadaye iliunganishwa na chanjo za dondakoo na pepopunda. Shirika la Afya Duniani (WHO) lilipoanzisha mpango wa kupanua huduma za chanjo mwaka 1974, kifaduro kilikuwa miongoni mwa magonjwa yaliyolengwa tangu mwanzo. Katika miaka hiyo hiyo wilaya ya Machakos nchini Kenya ilikuwa mahali pa utafiti mkubwa kuhusu ugonjwa huo vijijini.

Hivi sasa chanjo ya kifaduro hutolewa ndani ya sindano moja inayokinga magonjwa matano: dondakoo, kifaduro, pepopunda, homa ya ini aina ya B, na homa ya mapafu na ya uti wa mgongo inayosababishwa na bakteria wa Hib. Kenya ilianza kutumia sindano hiyo mwaka 2001 na Tanzania mwaka 2009. Chanjo ya kifua kikuu na matone ya polio anayopewa mtoto mara tu baada ya kuzaliwa hayamkingi na kifaduro.

Yaliyotokea Japan yanaonyesha gharama ya kuiacha chanjo. Mwaka 1974 nchi hiyo ilikuwa na wagonjwa wapatao 400 tu na hapakuwa na kifo. Hofu iliyozuka baada ya vifo vya watoto wawili vilivyohusishwa na chanjo iliwafanya wazazi na madaktari wengi kuiepuka. Mwaka 1979 wagonjwa walizidi 13,000 na watu 41 wakafariki dunia.

WHO inashauri dozi ya kwanza itolewe katika umri wa wiki 6 na isichelewe kupita wiki 8. Dozi hiyo moja haitoi kinga kamili, lakini hupunguza uwezekano wa mtoto kuugua vibaya. Kwa hiyo kila wiki ya kuchelewa ni wiki inayoongezwa katika kipindi cha hatari. Mafua madogo si sababu ya kuahirisha chanjo, na mtoto njiti huchanjwa kwa kuhesabu umri wake tangu siku aliyozaliwa.

Kumkinga mtoto akiwa tumboni

Njia iliyothibitika kuwa bora ya kuziba pengo la wiki za mwanzo ni kumchanja mama akiwa mjamzito. Mwili wa mama hutengeneza kingamwili ambazo hupita kwenye kondo la nyuma na kumfikia mtoto kabla hajazaliwa. Mtoto huzaliwa akiwa na kinga ya kuazima, inayomfikisha hadi umri wa chanjo yake mwenyewe.

Uingereza ilianza utaratibu huo Oktoba 2012, katika mwaka ambao watoto wachanga 14 walikufa kwa kifaduro. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 ulionyesha kwamba chanjo hiyo ilipunguza ugonjwa kwa asilimia 91 miongoni mwa watoto walio chini ya miezi 3 ambao mama zao walichanjwa. Kifaduro kiliporejea kwa nguvu England mwaka 2024, baada ya kupungua wakati wa janga la korona, watoto wachanga 11 walifariki dunia. Idadi ya wajawazito waliokuwa wakichanjwa ilikuwa imeshuka katika miaka iliyotangulia.

Mwaka 2015 WHO ilieleza kwamba kumchanja mjamzito ndiyo mbinu ya nyongeza yenye manufaa zaidi kwa gharama yake katika kuwalinda watoto wadogo mno kuchanjwa. Afrika Kusini iliiingiza chanjo hiyo katika huduma za umma kwa wajawazito mwaka 2024. Kikwazo kwa nchi nyingi za Afrika ni kwamba chanjo inayofaa kwa watu wazima ni tofauti na ile ya bei nafuu wanayopewa watoto, na hugharimu zaidi.

Ni muhimu kwa mama mjamzito kuelewa kwamba sindano ya pepopunda anayochomwa kliniki, hata ile inayojumuisha dondakoo, haina kinga ya kifaduro ndani yake. Anayetaka kujua kama chanjo ya kifaduro kwa wajawazito inapatikana anapaswa kumuuliza daktari au mkunga wake mapema.

Wajibu wa familia

Pale ambapo chanjo ya wajawazito haipatikani, kinga iliyobaki ni ya nyumbani. Kaka na dada wa mtoto wakaguliwe kadi zao za kliniki kabla mama hajajifungua, na aliyekosa dozi apelekwe kuimalizia. WHO inashauri pia dozi ya nyongeza, ikiwezekana katika mwaka wa pili wa maisha.

Mtu yeyote mwenye kikohozi, awe bibi, shangazi, mpangaji mwenza au msichana wa kazi, asimpakate mtoto mchanga wala kulala naye chumba kimoja hadi apone au amalize siku 5 za dawa. Si utovu wa adabu kumwomba mgeni anayekohoa atoe pongezi zake akiwa barazani. Mama anayekohoa hatakiwi kuacha kunyonyesha. Afunike pua na mdomo, anawe mikono na aende kupimwa haraka. Maziwa ya mama yana faida nyingi, ingawa peke yake hayatoshi kuzuia kifaduro.

Kikohozi cha mtu mzima kinachozidi wiki mbili katika nyumba yenye mtoto mchanga kichunguzwe, kwani pamoja na kifaduro kinaweza kuwa kifua kikuu. Naye mtoto aliye chini ya miezi mitatu anayekohoa kwa mfululizo, anayeshindwa kunyonya au aliyeacha kupumua hata kwa muda mfupi, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, usiku au mchana.